Neno Lisilotajwa Nyumbani kwa Bibi

Mjomba Twalibu tumemzika juzi, Gede, akiwa mzee wa mvi tupu, na katika matanga yake ndipo niliposikia tena lile neno. Tulikuwa wanawake peke yetu uani, tunachambua mchele, jasho limetulowesha kanga. Binti wa ami yangu, ambaye kila akifungua mdomo hutaka aonekane ana adabu kuliko sisi wengine, alishusha pumzi akasema, "Masikini marehemu. Zamani alikuwa akipagawa sana." Wenzake wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi nikauma ulimi, kwa sababu matangani si mahali pa kugombana, lakini moyoni nilichemka. Marehemu alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe una jina. Bibi yangu alikaribia kupoteza roho yake kwa kukataa kulitamka.

Siku hizi kupagawa kumekuwa jambo la starehe. Redioni mashabiki wanapagawa timu ikifunga bao, na wanangu wanapagawa wakiona sahani ya chipsi. Siwalaumu, lugha ni ya wote. Lakini wenzangu wa rika langu, hasa mliolelewa Malindi na vijiji vyake, mtakumbuka kwamba mtu hakupagawa hivihivi. Alipagawa kwa sababu kuna kitu kimempanda na kumshika hatamu kama punda, akawa haendi atakako bali apelekwako. Neno lilikuwa na uzito. Ukilisikia uliacha ulichokuwa ukifanya ukauliza ni nani na yuko wapi.

Isipokuwa kwa Bibi. Kwa Bibi neno hilo lilifanya kazi ya watu kumi. Upepo ukiangusha nguo kambani, umepagawa. Stovu ya mafuta ya taa ikitoa ndimi, imepagawa. Watoto siku ya Idi, wanasiasa wakipita na vipaza sauti vyao, kuku anayetafuta pa kutagia, wote hao walikuwa wamepagawa. Na Mjomba Twalibu, mwanawe wa pekee wa kiume, alipokosa usingizi siku kadhaa, akaanza kuzunguka uani akisema mfululizo bila kumeza mate, akapanda juu ya paa la jiko na kuyang'oa makuti kwa kuwa yalikuwa yakimtukana, Bibi alimbembeleza mpaka akashuka, akamwingiza chumbani, akatia komeo kwa nje, akafukiza udi. Kisha alitutokea sisi wajukuu na sauti yake ya kila siku. "Amepagawa tu," alisema. "Itamtoka."

Na kweli ilikuwa ikimtoka. Baada ya muda alifunguliwa, amekonda, macho yanaangalia chini, akavuta mkeka wake barazani na kuanza kushona makuti. Gede nzima hapakuwa na mtu aliyeshona kuti kama yeye. Watu walikuja hata kutoka Tezo kuagiza, wakaweka oda zao kwa Bibi, wakaondoka bila kumtazama sana usoni.

Maneno yaliyopigwa marufuku nyumbani yalikuwa kichaa, wazimu na mwehu. Matusi mengine Bibi aliyasamehe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mnyonge wa ulimi, lakini hayo matatu hayakuwa na msamaha. Binamu yangu mmoja alikuja likizo kutoka Mtwapa akamwita mwenzake kichaa kwa mchezo tu. Bibi alimfukuza na mwiko mpaka barabara ya lami, yeye ambaye hakuwa akitoka hata mlangoni bila buibui. Sababu yake niliipata vipandevipande kwa kusikiliza watu wazima. Posa ya mjomba ilirudishwa kwa ajili ya neno hilo. Mwanamke mmoja alilisema kwa sauti kisimani, na Bibi hakusemezana naye tena mpaka mmoja wao alipokufa. Kwetu aliishia kutuambia mdomo huumba. "Ukikiita," alisema, "kitaitika."

Mimi kwa akili zangu za kitoto nikafahamu kwamba kichaa ni kiumbe. Niliamini kimelala juu ya boriti katika chumba cha mjomba, na kwamba hakina ubaya na mtu maadamu hakuna anayekitaja. Kikisikia jina lake kitashuka na kumpanda aliye karibu. Kupagawa kulikuwa ni kujigeuza tu kwa kile kiumbe usingizini, basi ndiyo maana Bibi hakuogopa kulisema. Niliogopa sana. Hata shuleni, mwalimu akinipa kifungu nisome na neno lile likawa mbele yangu, nililimeza nikaruka mstari, nikaambiwa sijui kusoma.

Upande wa pili wa ua wetu wa minyaa waliishi kina Baba Kahindi, Wagiriama, watu wa mahindi na mihogo. Walikuwa na mbwa wa kulinda shamba lisiliwe na nyani, na jina lake Yatakwisha. Kadzo, binti yao wa rika langu, aliniambia babake alimpa jina hilo makusudi, ili jirani wao mwingine, waliyegombania naye mpaka wa shamba, alisikie kila asubuhi mbwa akiitwa. Sisi kwetu mbwa ni najisi iliyo nzito kuliko zote. Mate yake yakikugusa huishii kunawa, ni kuosha mara saba, na moja katika hizo iwe kwa mchanga. Yatakwisha naona alilijua hilo. Hakuwahi kuvuka minyaa. Nikipita njiani alitikisa mkia akakaa kando mpaka nimalize kupita.

Alasiri moja natoka chuo cha Kurani, juzuu kifuani, nilimkuta katikati ya njia. Taya la chini limelegea na mate yananing'inia mpaka chini. Alikuwa akienda mbele moja kwa moja. Alipofika kwenye mnazi aliusukuma kwa kichwa, akasukuma tena, kisha akaegemea upande mmoja na kuendelea. Aliuma jiti, akaliacha, akauma hewa. Nikamwita jina lake. Hakugeuza hata sikio. Macho yalikuwa wazi, yanaangalia pale nilipokuwa nimesimama, lakini hayakuniona, na hilo ndilo lililonitoa mbio. Nilizunguka nyuma ya mibono nikakimbia mpaka nyumbani, pumzi inanikata.

Jina la kile nilichokiona nilikuwa nalo, limenijaa kinywani. Kila mtoto wa Gede alikuwa amewahi kusikia habari za mbwa wa namna ile. Lakini niliingia uani, nikamwona mjomba barazani na makuti yake, nikalimeza kama nilivyolimeza darasani. Nikasema lile lililoruhusiwa.

"Bibi, Yatakwisha amepagawa."

Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Akasema nani asiyepagawa kwa joto hili, na niende nikavue nguo za chuo kabla sijazichafua.

Ningeongeza nini? Neno nililolitoa lilikuwa lilelile la stovu na la kuku, limechakaa kwa kufuliwa, halikumshtua mtu. Bado nimesimama hapo, minyaa ikapasuka na Yatakwisha akaingia. Hakubweka. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi, akamuuma muundi wa mguu juu kidogo ya kifundo, na hakumwachia mpaka Bibi alipompiga usoni kwa kifuu kizima cha nazi. Kisha akaendelea na safari yake, akatokea upande wa pili wa ua, kama mtu ambaye hakuwa na haja nasi. Mjomba Twalibu alikuwa amesimama na kuti mkononi. Alimfuata yule mbwa kwa macho mpaka akapotea, na uso wake sikuwahi kuuona ukiwa mtulivu namna ile.

Damu ilikuwa inatiririka, na Bibi analia, lakini kilichomliza kilikuwa ni udhu wake. Alasiri ilikuwa inapita na mbwa amemtia najisi. Alinituma mchanga, mchanga safi, si wa penye kuku. Akaosha kwa maji, akausugua mguu kwa ule mchanga mpaka mimi nikafumba macho, akaosha tena na tena mpaka zikatimia saba. Akafunga kidonda kwa kipande cha kanga, akabadilisha nguo, akaswali. Alipotoa salamu uso wake ulikuwa umetulia. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Aliogopa najisi, na najisi ilikuwa imeondoka kwa njia inayojulikana.

Kesho yake asubuhi Baba Kahindi alipiga hodi. Alivua kofia, akamwamkia Bibi shikamoo, akakataa kiti. Alisema amemfunga mbwa wake chini ya mwarobaini na amekuja kutaka radhi. Alisema mbwa hali. Maji amewekewa na hayataki. Alipofika hapo akamtupia jicho Mjomba Twalibu, akaanza kuizungusha kofia vidoleni. Jirani wa miaka mingi, sheria ya nyumba yetu aliijua vizuri kama sisi.

"Bi Mkubwa, huyu mbwa wangu hayuko sawa," akasema. "Amebadilika. Sijui niseme vipi."

"Mnyama amepagawa," Bibi akamsaidia. "Atatulia."

Baba Kahindi akasema amesikia Malindi kuna sindano kwa mtu aliyeumwa na mbwa wa hivyo. Bibi akamwambia sindano za kazi gani, na kidonda amekiosha saba kwa mchanga. Baba Kahindi alibaki amesimama. Nilimwona akifungua mdomo, akamtazama mjomba tena, akaufunga. Aliagana nasi akavaa kofia yake akaenda zake. Nilitamani nimrudishe. Watu wazima watatu walikuwa wamesimama wakilizunguka neno moja, na hakuna aliyethubutu kulikanyaga.

Siku iliyofuata mbwa alikufa. Kadzo ndiye aliyeniambia, tukiwa huku na huku ya minyaa, naye hakuwa na marufuku yoyote kwao. Baba amesema kilikuwa ni kichaa cha mbwa, alisema, na mtu akiumwa asipodungwa sindano, kitampata. Anaweza kukaa mzima, anacheka na watu, kisha siku moja anaogopa maji. Akishaogopa maji hakuna dawa. Kwao kuna mjomba wa mamake alikufa hivyo, wakamfunga kitandani kwa kamba. Nilimwomba asilirudie lile neno. Akanishangaa.

Nilikwenda kumwambia Bibi kwamba Yatakwisha amekufa, nikidhani atafahamu mwenyewe. Akanijibu kwamba mbwa hasomewi hitima, nikamlete unga. Tangu hapo kazi yangu ikawa kumtazama Bibi akinywa maji. Kila akichota kwa kata mtungini, nilishika nguzo ya mlango. Akiiinua, pumzi yangu ilisimama. Akimeza, nilipumua, na baada ya kitambo kidogo nilianza kuogopa kata itakayofuata. Mamangu alikuwa Mtwapa kwa kazi, na simu ilikuwa dukani kwa mtu. Nyumbani siku hizo tulikuwa watu watatu tu. Mmoja alikuwa anakufa na hajui. Mmoja ndiye ambaye neno halikupasa kumfikia masikioni. Na mwingine ni mimi.

Siku ya pili yake niliona Bibi ameacha maji nusu. Ameyamwaga tu, kama watu wote wamwagavyo, lakini mimi sikungoja zaidi. Nikaenda barazani nikakaa karibu na Mjomba Twalibu. Alikuwa anakunja kuti juu ya upapi, ule ufito mwembamba wa kushonea, anapitisha uzi wa ukindu, hana haraka. Nilimuuliza swali nililoweza kulisema: mtu akipagawa huwa anajisikiaje.

Hakukasirika. Alifikiri, mikono inaendelea na kazi. Akaniambia kwake huwa ni mambo yote kumjia kwa pamoja na kila moja linasema lenyewe ndilo la kwanza. Akaniambia huwa anatuona. Hata akiwa juu ya paa anamwona mamake analia chini na anamhurumia, ila hawezi kushuka.

"Yule mbwa hakuwa anatuona," akasema. "Ugonjwa ule si mmoja na wangu."

"Kadzo amesema ni…" Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Akaacha uzi. "Amesema nini?"

Nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza. Mjomba akaniondoa mikono mdomoni, taratibu, kidole kwa kidole, vidole vyake vinakwaruza kwa makuti.

"Sema, mwanangu. Mimi nalisikia kila siku. Wakilinyamazia mdomoni huwa nalisoma machoni. Ni wewe na mama tu mnaodhani sijalisikia."

Nikalisema. Nililisema kwa mnong'ono, nikiwa nimeukazia macho mlango wa chumba chake, nikingoja kile kiumbe kishuke kutoka kwenye boriti. Nikasema mbwa alikuwa na kichaa, na Bibi kitampata, ataogopa maji, atafungwa kwa kamba. Chumbani hakukutikisika kitu. Mjomba alikuwa ameshasimama.

Nilimfuata mpaka jikoni. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Mjomba alisimama mlangoni akaziba mwangaza, na bila kuamkia wala kuzungusha akamwambia mamake kwamba mbwa yule alikuwa na kichaa, avae buibui waende Malindi. Ungo ukamponyoka Bibi. Mchele ulimwagika wote majivuni.

"Usilitaje neno hilo nyumbani mwangu, Twalibu."

"Nyumbani mwako limo, mama. Limo siku zote, na wewe ndiwe unayelitilia komeo."

Bibi akasema si kweli, yeye mwanawe hupagawa tu, humtoka, watu ni wabaya. Aliyasema haraka haraka, mikono inaokota mchele na majivu pamoja. Nilidhani atamrushia mwiko. Nilidhani mjomba naye ataanza kuzunguka na kusema mfululizo, na nikatafuta kwa macho mahali pa kujificha. Badala yake alichutama mbele yake, magoti yao yakagusana, akamshika mikono iliyokuwa ikiokota.

"Mama," akasema, "ukifa wewe, nani atanifungia mlango? Na nani atanifungulia?"

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu isipokuwa siku ile. Kisha akaniambia nimletee buibui, na mchele niuache kuku wale.

Hospitali kubwa ya Malindi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu na watu waliochoka. Tulikaa kwenye benchi, Bibi katikati, mguu wake uliofungwa kanga ameunyoosha mbele, mimi nimemshika buibui upande huu na mjomba kakaa upande ule. Nesi alikuwa msichana mwenye sauti ya chini na subira. Alimwamkia Bibi, akafungua kidonda, akakiosha kwa sabuni kwa muda mrefu bila kuuliza mchanga umeingiaje. Akasema kuosha kumesaidia lakini hakutoshi. Ndipo akauliza mbwa mwenyewe alikuwa katika hali gani.

"Alikuwa amepa…" Bibi akaanza.

Nesi akangoja. Watu wengine walikuwa mlangoni, wawili wao wa Gede, mmoja tunamjua kwa jina. Nilimwona Bibi akiwatazama. Alikunjua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye ukosi wa buibui alioushikilia.

"Alikuwa na kichaa," akasema. "Mbwa wa kichaa."

Hakulisema kwa kunong'ona. Alidungwa pale kidondani, akanyoosha mkono akadungwa na hapo, akapewa kadi ya kurudi tena na tena mpaka sindano ziishe, na nesi akamwambia amewahi, Alhamdulillahi, aende nyumbani akapumzike. Nikasimama. Nilikuwa mwepesi kiasi kwamba ningeweza kuruka. Mjomba naye akasimama akamshika Bibi kiwiko ili amwinue, lakini Bibi hakuinuka. Alibaki ameketi, anaitazama kadi mkononi mwake bila kuisoma, maana hakujua kusoma.

"Mwanangu, na huyu wangu," akamwambia nesi. "Huyu hapa, Twalibu. Naye anaugua kichaa, tangu ujana wake. Nimekuwa nikimfungia chumbani. Sikujua pengine mnayo dawa."

Watu wa mlangoni waligeuka kututazama. Nesi akaweka kalamu chini. Alimgeukia mjomba, akamwita kaka, akamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Nami nikamgeukia, kwa kuwa nilikuwa bado na hofu kwamba sasa limesemwa mbele ya watu, litampanda.

Mjomba Twalibu aliketi tena karibu na mamake. Akafungua kifungo cha mkono wa shati na kuanza kuukunja, polepole, akaupandisha mpaka begani, kisha akanyoosha mkono mbele ya nesi kama alivyomwona Bibi akiunyoosha wake.